Serikali Huhesabu kwa Mwaka, Muuzaji Huhesabu kwa Siku

Fundi mwenye cherehani kumi anapata zabuni ya kushona sare elfu mbili za taasisi ya umma. Ni oda kubwa kuliko zote alizowahi kushika, na ili aipate alilazimika kujisajili kwenye kodi ya ongezeko la thamani. Siku ya tatu ananunua vitambaa kwa fedha taslimu, kwa sababu muuza vitambaa hamjui kiasi cha kumkopesha mzigo mkubwa namna hiyo. Kila Jumamosi jioni anawalipa vibarua sita. Siku ya arobaini anakabidhi mzigo, anapewa hati ya mapokezi iliyogongwa mhuri, anaandika ankara. Kuanzia hapo anaishi na kalenda mbili. Ya kwanza ni ya kodi: ankara imetoka, mauzo yameonekana, na kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata fedha lazima iwe imeingia kwenye akaunti ya mamlaka ya mapato. Ya pili ni ya malipo yake mwenyewe, na hiyo haina tarehe. Anaambiwa faili liko kwa mhasibu. Kisha faili linasubiri sahihi. Kisha fungu la robo hii limekwisha, asubiri robo ijayo.

Tarehe 20 inafika. Fundi anaenda kwa mkopeshaji wa mtaani, anaweka cherehani mbili rehani, na kwa fedha hiyo anailipa serikali kodi ya mauzo ambayo serikali yenyewe haijamlipa.

Nimeanza na fundi huyu kwa sababu mijadala ya kodi na misaada kwa biashara ndogo huanzia mbali naye. Bajeti ikisomwa, watu huuliza asilimia: kodi imepanda kutoka ngapi hadi ngapi, mfuko wa mikopo umetengewa bilioni ngapi. Ni maswali ya haki. Lakini ukikaa na mtu anayeendesha biashara ndogo, mkafungua pamoja daftari lake, unakuta kwamba mara nyingi kinachomwangusha ni tarehe kabla hakijawa kiasi. Ziko biashara nyingi zinazokufa zikiwa na faida kwenye karatasi. Zinadai kuliko zinavyodaiwa, ila wanaozidai wamesimama mlangoni leo, na wanaodaiwa nazo watalipa watakapojaliwa. Serikali hupanga mambo yake kwa mwaka wa fedha, muuzaji hupanga kwa juma, na wakati mwingine kwa siku. Ninachokitetea hapa ni kwamba kila badiliko la kodi na kila mfuko wa msaada upimwe kwanza kwa kalenda ya muuzaji: fedha inatoka mfukoni mwake lini, na inaingia lini.

Tuchukue kodi ya mauzo ghafi, ambayo serikali nyingi huieleza kama unafuu kwa wadogo. Mantiki yake inaeleweka. Mtu asiye na mhasibu hawezi kuandaa hesabu za faida na hasara, basi atozwe asilimia ndogo ya kila alichouza, yaishe. Hakuna kuvutana na ofisa juu ya makadirio, hakuna kubishana gharama ipi inakubalika na ipi haikubaliki. Urahisi huo una thamani, na aliyewahi kukadiriwa kodi na mtu ambaye hajawahi kuingia dukani kwake anaijua thamani hiyo.

Sasa weka hesabu mezani. Watu wawili wameuza 100 kila mmoja kwa mwezi. Wa kwanza ni wa rejareja: bidhaa alizinunua kwa 90, pango, usafiri na umeme vikachukua 6, amebaki na 4. Wa pili anatengeneza simu. Vipuri na pango vimechukua 50, amebaki na 50. Kodi ikiwa 3% ya mauzo, kila mmoja anatoa 3. Fundi simu ametoa 6% ya faida yake. Mwenye duka ametoa 75%. Na ukija mwezi ambao mwenye duka amepata hasara, bado atatoa 3, ila safari hii anazichota kwenye mtaji, yaani kwenye fedha ya kununulia mzigo wa mwezi unaofuata. Rafu zinabaki na mapengo, mteja akikosa vitu viwili vitatu anahamia kwingine, na mwezi unaofuata hata ile 100 haifiki.

Kenya imeipitia njia hii ndani ya miaka michache. Aprili 2020, janga la corona likiwa limeanza kubana, kodi ya mauzo ghafi ilishushwa kutoka 3% hadi 1%. Sheria ya Fedha ya 2023 ikairudisha 3% kuanzia Julai mwaka huo, kwa wenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka, ilipwe kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukilisoma kwenye hotuba, ni ongezeko la pointi mbili. Kwenye daftari la mwenye duka ni kodi iliyozidishwa mara tatu. Ni kweli sheria inamruhusu kuomba atozwe kwa faida badala ya mauzo, lakini huko anatakiwa kuwa na vitabu vya hesabu, na utaratibu wa mauzo ghafi uliwekwa kwa ajili ya watu wasio na vitabu hivyo. Anayeumia zaidi ndiye asiyeweza kutoka.

Miezi saba kabla ya ongezeko hilo, 30 Novemba 2022, Rais William Ruto alikuwa amezindua Hustler Fund, mfuko wa serikali wa mikopo nafuu. Mkopo wa mtu binafsi ulioanza nao ulitolewa kwa simu, kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, kwa riba ya 8% kwa mwaka, huku 5% ya kila mkopo ikiwekwa akiba kwa jina la mkopaji. Kwa mtu aliyezoea mikopo ya simu ya kibiashara, riba hiyo ni nafuu ya kweli, na sioni sababu ya kuibeza. Tatizo ni muda wa kurejesha: siku 14. Anayenunua alfajiri na kuuza jioni zinamtosha, tena zinabaki. Mfugaji wa kuku wa nyama hazimtoshi, maana kifaranga kinataka wiki tano au sita kabla ya kuuzika. Fundi wa sare hazimtoshi hata kukata vitambaa vyote. Mkopo wa siku 14 ukiingia kwenye biashara ya siku 60, hulipwa kwa mkopo mwingine, na mkopo huo mwingine ndio wenye riba inayouma. Waliopanga mfuko walijitahidi kwenye riba, jambo ambalo kila mtu huliuliza. Muda hauulizwi sana, na ndio unaoamua kama mkopo utazaa au utanyonya.

Somo kubwa kuliko yote kuhusu tarehe lilitoka kwenye janga lenyewe. Marekani ilitenga dola bilioni 349 kuzisaidia biashara ndogo ziendelee kulipa mishahara. Maombi yalifunguliwa 3 Aprili 2020, na kufikia 16 Aprili fedha yote ilikuwa imekwisha. Bunge liliongeza fungu jingine kabla mwezi haujaisha, lakini tazama nani alifika dirishani mapema. Fedha zilipitia benki, na benki zilianza na wateja wanaofahamika: wenye mikopo ya zamani, wenye wahasibu, wenye makaratasi yaliyopangwa. Kampuni ya migahawa ya Shake Shack, ambayo hisa zake zinauzwa kwenye soko la New York, ilipata dola milioni 10, na ikazirudisha baada ya manung'uniko. Kinyozi mwenye kiti kimoja, asiyemjua ofisa yeyote wa benki kwa jina, alikuwa bado anauliza fomu inapatikana wapi. Sheria haikumtenga. Foleni ilimtenga.

Uingereza ilikwenda upande mwingine kabisa. Mei 2020 ilianza kutoa mikopo ya hadi pauni 50,000 ambayo serikali iliidhamini kwa 100%. Fomu ilikuwa fupi, fedha ilifika ndani ya siku chache, na kwa mwaka wa kwanza mkopaji hakulipa riba wala marejesho. Zaidi ya pauni bilioni 46 zilitoka kwa njia hiyo. Biashara nyingi zilipona. Matapeli nao walipita kwenye mlango huohuo, wengine kwa majina ya kampuni ambazo hazikuwa zikifanya kazi yoyote. Januari 2022 waziri aliyehusika na kupambana na udanganyifu, Theodore Agnew, alijiuzulu akiwa amesimama ndani ya Bunge la Malodi, akilalamikia namna serikali yake ilivyolishughulikia jambo hilo.

Nikiambiwa nichague kati ya makosa hayo mawili wakati wa dharura, nitachagua la Uingereza, na najua wahasibu wengi hawatakubaliana nami. Tapeli anaweza kufuatiliwa mwaka mzima baadaye, akafilisiwa, akafungwa. Biashara iliyofungwa Aprili kwa kukosa mshahara wa wiki tatu hairudi Juni fedha inapopatikana. Wafanyakazi wametawanyika, mwenye jengo ameshapangisha mtu mwingine, na wateja wameshazoea kwenda kwingine. Nasema hivyo kwa dharura tu. Nyakati za kawaida hakuna kisingizio cha kugawa fedha ya umma bila kumjua anayeipokea.

Tanzania inatuonyesha upande wa nyakati za kawaida. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga 10% ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4% kwa wanawake, 4% kwa vijana na 2% kwa watu wenye ulemavu. Ukitazama bei, hakuna mkopo nafuu kuliko huo. Aprili 2023 serikali iliusitisha, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha fedha zisizorejeshwa na vikundi hewa. Ulirejea 2024 ukiwa na taratibu mpya. Sababu za kusitisha zilikuwepo, na ni nzito. Lakini jiweke mahali pa kikundi cha akina mama waliokopa, wakarejesha kila senti, na walikuwa wakisubiri awamu ya pili ili wanunue mashine ya kusindika. Kwa zaidi ya mwaka walibaki kwenye dirisha lililofungwa kwa makosa ya wengine. Wakopeshaji ambao watu wamewabatiza jina la kausha damu hawakusitisha huduma hata siku moja.

Tena, kwa kuwa fungu hilo ni asilimia ya makusanyo, linatoka kadiri halmashauri inavyokusanya. Msimu wa biashara una tarehe zake. Kikundi cha kilimo cha mboga kinachopata fedha wiki sita baada ya muda wa kupanda hakijasaidiwa, kimekabidhiwa deni. Fedha hiyo italiwa kwa mahitaji mengine, si kwa sababu wanakikundi ni wabadhirifu, bali kwa sababu shamba la mwaka huo limeshapita. Halafu mkaguzi atakuja kuandika kwamba kikundi hakikurejesha, na maandishi yake yatakuwa sahihi. Hakuna safu kwenye fomu yake inayouliza fedha ilifika lini.

Kuhusu vizingiti vya usajili, yaani kiwango cha mauzo ambacho ukikivuka unalazimika kujisajili kwenye kodi, nitasema machache. Uingereza iliacha kizingiti cha kodi ya ongezeko la thamani kwenye pauni 85,000 tangu 2017 hadi Aprili 2024 kilipopandishwa hadi 90,000, na kwa miaka yote hiyo takwimu za mauzo zilionyesha biashara nyingi zimejikusanya chini kidogo tu ya mstari. Watu walikuwa wakifunga milango mwishoni mwa mwaka ili wasiuvuke. Tanzania Bara ilipandisha kizingiti chake kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 Julai 2023, na hilo liliwapa wengi pumzi. Kila kizingiti, popote kilipo, kinakuwa ukuta kwa anayekaribia kukua. Dawa ni kukipandisha mara kwa mara kulingana na mfumuko wa bei, bila kusubiri kelele.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni malipo yanayochelewa, kwa sababu hapo ndipo kodi na msaada vinapokutana. Serikali ndiyo mnunuzi mkubwa karibu kila nchi. Kenya imetenga 30% ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ni sera nzuri kwa nia, ila malimbikizo ya madeni ya wazabuni, kwenye wizara na kwenye kaunti, yamekuwa kilio cha kila mwaka. Kumpa kijana zabuni kisha kumcheleweshea malipo miezi minane ni kumfanya yeye, mwenye mtaji wa kukopa, aikopeshe serikali bila riba. Hakuna mfuko wa uwezeshaji unaoweza kuziba pengo hilo. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na sijaona mahali waliposema serikali haimo.

Umoja wa Ulaya uliandika jambo hilo kuwa sheria mwaka 2011. Ofisi za umma zilipe ndani ya siku 30, isipokuwa sekta chache kama afya zinazoweza kupewa hadi 60, na anayechelewa aongeze riba ya pointi 8 juu ya riba ya msingi. Sheria peke yake haikutosha. Januari 2020 Mahakama ya Haki ya Ulaya, iliyoko Luxembourg, iliamua kwamba Italia ilikuwa haijahakikisha ofisi zake zinafuata muda huo. Hata hivyo kuna tofauti kati ya mzabuni anayebembeleza na mzabuni anayedai haki iliyoandikwa. Wa kwanza hana pa kwenda. Malalamiko ya wa pili yamefika hadi Luxembourg.

India imejaribu njia ninayoiona ya kijanja zaidi, kwa kutumia kodi yenyewe. Kifungu kilichoanza kutumika 1 Aprili 2024 kinasema kampuni iliyonunua kwa biashara ndogo au ndogo sana, na haikulipa ndani ya siku 45 za makubaliano, au siku 15 kama hakuna mkataba wa maandishi, haitaruhusiwa kuondoa gharama hiyo kwenye hesabu zake za kodi hadi siku itakapolipa. Yaani ukimchelewesha mdogo, kodi yako inapanda. Serikali haikutoa ruzuku wala haikuanzisha mfuko. Ilihamisha maumivu ya kuchelewa yakamwendea anayechelewesha. Matokeo hayakuwa mazuri tupu: baadhi ya wanunuzi wakubwa walianza kuhamishia oda kwa wauzaji ambao sheria haiwagusi, na wadogo wenyewe wakalalamika. Kwa hiyo nisingeinakili ilivyo. Ningeianzia kwenye ununuzi wa serikali, ambako mnunuzi hana sababu ya kumkimbia mdogo, kisha niipeleke sekta binafsi taratibu.

Brazili inafaa kutazamwa pia. Kwa utaratibu ulioanzishwa na sheria ya 2008 na kurekebishwa baadaye, anayefanya biashara peke yake au na mfanyakazi mmoja, mauzo yake yasipozidi reais 81,000 kwa mwaka, hulipa kiasi kimoja cha kila mwezi kinachojulikana tangu mwanzo wa mwaka: 5% ya kima cha chini cha mshahara pamoja na nyongeza ndogo sana kulingana na aina ya kazi. Kwa malipo hayohayo anaingia kwenye pensheni, ana haki ya likizo ya uzazi na msaada akiugua. Mamilioni wamejisajili kwa hiari. Sidhani wamevutwa na udogo wa kodi peke yake. Wanajua watatoa nini na tarehe gani, na wanaona kinachorudi.

Tukirudi kwa fundi wa sare, mambo mawili yangemwokoa, na yote yanawezekana bila kutenga fungu jipya kubwa. La kwanza ni kodi ya ongezeko la thamani kulipwa mteja anapolipa, si ankara inapoandikwa. Uingereza inawaruhusu kufanya hivyo wenye mauzo yasiyozidi pauni milioni 1.35. Hofu ya mamlaka za mapato ni kwamba watu watadai hawajalipwa kumbe wamelipwa. Kwa wateja binafsi hofu hiyo ina msingi. Kwa mauzo yaliyofanywa kwa serikali haina, kwa sababu anayejua kama malipo yametoka ni serikali ileile.

La pili ni kukatana. Mzabuni mdogo mwenye hati ya mapokezi iliyothibitishwa aruhusiwe kuondoa kodi anayodaiwa kwenye fedha anayoidai serikali. Najua pingamizi litakalokuja: mamlaka ya mapato ina lengo lake la makusanyo, wizara ina fungu lake, na vitabu havichanganywi. Lakini vitabu vyote hivyo viko chini ya Hazina moja, na kuhamisha tarakimu kutoka safu moja kwenda nyingine ni kazi ya watumishi wanaolipwa mshahara mwisho wa mwezi. Leo kazi hiyo ya kusawazisha vitabu vya serikali inafanywa na fundi, kwa cherehani mbili zilizowekwa rehani. Kukatana kukiruhusiwa, tarehe 20 atapeleka nakala ya hati yenye mhuri, cherehani zake kumi zitabaki karakana zikifanya kazi, na Jumamosi jioni vibarua sita watalipwa.